Ukienda Zanzibar, usilipie visa usiyohitaji

Likizo ikikaribia, meseji huanza kuingia: “Visa ya Zanzibar iko tayari, tuma pesa kwa namba hii.” Tunasema wazi: Zanzibar ni sehemu ya Tanzania, na Mkenya hahitaji visa kuingia Tanzania. Beba pasipoti yako, basi. Anayekuitisha pesa ya visa anakutapeli.

Yako mambo mengine ambayo ni ya kweli. Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo hutambuliwa baada ya siku 10, kwa hivyo usingoje wiki ya safari. Pia, tangu Oktoba 2024 Zanzibar inataka wageni wawe na bima ya safari. Ikate kwenye tovuti rasmi, si kwa mtu uliyempata kwa WhatsApp.

Kwa maoni yetu, kinga kubwa ni kusoma jina kabla ya kuweka PIN. Ukiona jina la mtu usiyemjua badala ya la kampuni, simama kwanza. Pesa ikishatolewa, kuirudisha ni kazi ngumu. Afadhali uchelewe dakika tano kuliko kukosa nauli ya meli.