Moyo Umetengenezwa, Mfanyakazi Je?



Hapa Uganda wengi wenye moyo mbovu waliupata ugonjwa huo utotoni. Koo liliuma, ikafuata homa ya viungo, vali za moyo zikaharibika. Anayewekewa vali ya bandia, ile ya chuma, humeza dawa ya warfarini maisha yake yote, na lazima apimwe damu mara kwa mara. Dawa ikipungua, damu huganda, ikizidi, huvuja.

Mwezi Machi 2020, kwa ajili ya korona, serikali ilisimamisha teksi na mabasi, kisha magari ya watu binafsi. Kwenda hospitali kwa gari kulihitaji kibali cha wilaya. Mwenzetu mmoja, mpakia mizigo, alikaa miezi miwili bila kupimwa. Kidonda kilikuwa kimepona, lakini usiku hakupata usingizi kwa hofu. Aliporudi kazini tajiri alimwambia: "Kama umepona, beba. Kama hujapona, nenda nyumbani."

Ndugu zangu, kutoka hospitali si kupona. Anayeshona kifua ni daktari, lakini maisha ya baadaye yanategemea pia sisi kazini. Basi tudai katika makubaliano yetu: siku ya kupima damu ilipwe, kazi nyepesi bila kukatwa mshahara, na barabara zikifungwa tena, gari la kazi limpeleke mgonjwa.

Leo ni yeye, kesho ni wewe. Tusingoje ugonjwa mwingine.