Mpimeni Kwanza, Mdaini Baadaye

Katiba ambayo sisi wananchi wa Kenya tuliipitisha kwa kura zetu tarehe 4 Agosti 2010 inatamka katika Kifungu cha 43(2) kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Haikutaja mtu mwenye kadi ya bima, wala mtu mwenye jamaa tajiri wa kumdhamini. Imetaja mtu. Ahadi ni deni, na deni hili halijalipwa.

Ni nani asiyejua yanayotendeka katika malango ya hospitali zetu? Majeruhi hushushwa kutoka kwenye bodaboda huku damu ikimtoka, na wa kwanza kumkagua si daktari wala muuguzi. Ni bawabu, kisha karani wa malipo. Swali la kwanza si “Unaumwa wapi?” bali “Nani atakulipia?” Mnamo Oktoba 2015 taifa zima lilihuzunika kusikia habari za mwanamume aliyegongwa na gari, akakaa ndani ya ambulensi kwa takribani saa 18 akizungushwa kutoka hospitali hadi hospitali jijini Nairobi. Huku aliambiwa hakuna kitanda cha wagonjwa mahututi, kule yakadaiwa malipo ya awali. Akafa.

Miaka miwili baadaye Bunge lilipitisha Sheria ya Afya ya 2017. Sehemu ya 7 inasema kwamba matibabu ya dharura ni pamoja na huduma kabla ya kufika hospitalini, kuidhibiti hali ya mgonjwa, na kumpangia rufaa pale hospitali isipoweza kumhudumia. Hospitali yenye uwezo ikikosa kutoa matibabu hayo inaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 3. Tunakiri kwamba hiyo ilikuwa hatua njema. Lakini sheria hiyo ina ufa, na wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ufa wenyewe ni huu: sheria inaamuru dharura itibiwe, bali haisemi waziwazi kwamba kila anayefika akiomba msaada lazima apimwe ili ijulikane kama ana dharura. Mgonjwa ambaye hakupimwa hana dharura katika maandishi. Hakuna aliyeandika mapigo ya moyo wake, wala shinikizo la damu, wala saa aliyofika. Akifia njiani, hospitali itasema haikujua, au haikuwa na uwezo, au mgonjwa aliondoka kwa hiari yake. Jamaa zake watashindana vipi na mawakili wa hospitali, ilhali mikononi mwao hawana hata kipande cha karatasi?

Wamarekani, ambao matibabu yao ni ghali kupindukia na ambao hatuna haja ya kuwaiga katika kila jambo, waliutambua ufa wa namna hii mwaka 1986. Hospitali za binafsi zilikuwa zikiwasukumia maskini kwenye hospitali za umma bila hata kuwatazama. Bunge lao likaamuru kwamba hospitali yenye kitengo cha dharura na inayopokea fedha za bima ya serikali impime kila anayefika akiomba kutazamwa. Akionekana ana dharura, au ni mama aliyeshikwa na uchungu wa uzazi, lazima hali yake idhibitiwe au ahamishwe kwa utaratibu ulio salama. Upimaji huo hauruhusiwi kucheleweshwa ili aulizwe habari za bima au malipo. Sheria hiyo haifuti deni. Inaweka mambo katika mpangilio wake, uhai kwanza na hesabu baadaye.

Wenye hospitali watatuambia kwamba wao si wakfu, na kwamba serikali ni mdeni mbaya. Katika hilo la pili hatuwapingi. Lakini muuguzi kumtazama mgonjwa kwa dakika chache si gharama ya kufilisi hospitali. Na gharama ya matibabu yanayofuata isiachiwe hospitali peke yake: Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 iliunda hazina ya kugharimia dharura pamoja na magonjwa sugu na mahututi. Hazina iliyoandikwa katika sheria haina budi kuwa na fedha, na fedha hizo zifike kwa wakati.

Tusisahau tulikotoka. Mwaka 1965 serikali iliondoa ada za wagonjwa wa nje, ikitangaza vita dhidi ya ujinga, maradhi na umaskini. Desemba 1989, chini ya chama kimoja, ada zilirudishwa katika hospitali za umma kwa jina la kuchangia gharama, na mwananchi hakuwa na chama kingine cha kukimbilia. Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, hatukushangilia ili majina yaongezeke katika karatasi za kura. Tulitaka serikali inayomjibu raia, hata raia aliyelala juu ya machela.

Kwa hiyo tunadai. Kwanza, Bunge lirekebishe sheria, lilazimishe kila hospitali yenye kitengo cha dharura kumpima kila anayefika kabla ya kumtaka malipo. Pili, kila anayepimwa aandikwe: saa aliyofika, hali yake, na sababu ya kuhamishwa au kuruhusiwa. Tatu, hazina ya dharura ilipe bila kuzungushana. Nne, serikali za kaunti, zilizokabidhiwa hospitali baada ya ugatuzi wa 2013, zisingoje Nairobi. Ziwape wauguzi wao amri hiyo leo. Hatugombani na wauguzi hao. Tunataka wawekwe langoni, mbele ya karani.

Nawe msomaji, ukimpeleka mgonjwa akakataliwa, andika saa, andika jina la hospitali, na udai sababu kwa maandishi. Kisha, atakapokuja mtu kukuomba kura, muulize swali moja kabla hajafungua mdomo kuhusu barabara na maji: mgonjwa akifika langoni bila senti, nani atamtazama kwanza?