Damu ya Olenguruone nayo ihesabiwe

Katikati ya Juni 2020, Wizara ya Afya ya Kenya ilikuwa ikitusomea hesabu ya korona kila alasiri, na jumla ya walioambukizwa nchini ilikuwa haijafika 4,000. Siku hizo hizo, watafiti wa taasisi za KEMRI na Wellcome Trust kule Kilifi walikuwa wakipima sampuli 3,098 za damu. Hazikuwa za wagonjwa. Zilikuwa mabaki ya damu ya wachangiaji iliyokusanywa kati ya Aprili 30 na Juni 16, na kilichotafutwa ndani yake si virusi bali kingamwili, yaani alama ambayo mwili hubaki nayo baada ya kupigana na virusi, hata kama mwenyewe hakuwahi kukohoa.

Walipomaliza kusahihisha hesabu zao walipata asilimia 4.3. Kwa nchi iliyohesabu watu zaidi ya milioni 47 katika sensa ya 2019, asilimia hiyo ni zaidi ya watu milioni mbili. Kwa kila mmoja aliyetajwa kwenye televisheni, mamia hawakutajwa.

Hatusemi Wizara ilidanganya. Ilisoma ilichohesabu, na ilichohesabu ni watu waliofika mahali pa kupimwa. Mkulima wa viazi huku juu Olenguruone aliyelala na homa siku tatu, akanywa uji na chai ya tangawizi, akaamka siku ya nne kwenda kukamua, hakuingia katika daftari la mtu yeyote. Kosa letu ni kwamba tumezoea kuliita daftari la hospitali hesabu ya ugonjwa. Mazoea hayo yamedumu hadi leo, na ndiyo tunayoyakataa hapa.

Kazi yenyewe si uchawi. Damu huzungushwa kwenye mashine hadi chembe nyekundu zizame, juu yabaki majimaji ya manjano. Tone la majimaji hayo hutiwa kwenye kishimo kimoja cha sahani ya plastiki yenye vishimo 96, kila kimoja kimepakwa kipande cha virusi. Kingamwili ikiwamo, hunasa; dawa ikiongezwa, kishimo hubadilika rangi. Baada ya hapo ndipo kazi ngumu huanza, nayo ni ya kalamu. Kipimo kile cha Kilifi kilijaribiwa kwanza kwa damu iliyohifadhiwa tangu kabla ya korona, kikakosea mara moja hivi katika kila mia. Kosa hilo linaonekana dogo. Lakini ikiwa katika watu 1,000 walioambukizwa kweli ni 50 tu, wale 950 waliobaki watazaa karibu majibu 10 ya uongo, na hapo utaona ni wangapi wataambiwa walikuwa na ugonjwa usiowahi kuwagusa. Ndiyo maana watafiti walipata asilimia 5.6 kwenye sahani lakini wakatangaza 4.3. Walirekebisha pia umri, jinsia na mahali, maana mchangiaji damu nchini ana umri wa miaka 16 hadi 65 na afya njema. Bibi wa miaka 80 na mtoto anayenyonya hawamo. Afisa yeyote atakayetangaza asilimia ya kingamwili bila kueleza marekebisho haya atakuwa ametangaza uvumi.

Upimaji huo uliendelea. Kufikia Septemba 1, 2020, taifa lilikuwa na vifo 577 vilivyoandikwa, na kingamwili zilikuwa katika asilimia 9.1 ya watu. Nairobi asilimia 22.7. Kati ya Januari na Machi 2021 wachangiaji damu walionyesha asilimia 48.5. Karibu nusu! Hesabu rasmi ya maambukizi mwishoni mwa Machi hiyo ilikuwa kama watu 134,000.

Ilikuwa Machi hiyo hiyo, tarehe 26, Rais Uhuru Kenyatta alipofunga kaunti tano kwa pamoja: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Watu wa Olenguruone wanaikumbuka vyema. Sisi tuko pembezoni mwa Nakuru. Bomet na Narok ni majirani zetu wa soko, wa ng'ombe, wa ndoa. Mji wa Nakuru na miteremko ya Mau viliwekewa amri moja, kana kwamba mtu anayechuma majani chai kwa ajili ya kiwanda cha Kiptagich anabanana na wenzake kama abiria wa matatu za mjini. Labda amri ilikuwa sawa. Labda virusi vilikuwa vimeshapanda mlima zamani, vikapita na mahindi ya soko na mazishi ya Jumamosi. Sampuli elfu chache za nchi nzima haziwezi kusema lolote la hakika kuhusu Kuresoi Kusini, kaunti ndogo yetu. Serikali inayofunga barabara ya wananchi ina wajibu wa kuwaonyesha kipimo ilichotumia, na kipimo cha kaunti nzima si kipimo cha Olenguruone.

Mtu atasema korona imepita, tuyaache. Basi tuizungumzie homa ya Bonde la Ufa. Jina lake ni letu. Ilitambuliwa kwa mara ya kwanza katika kaunti hii hii, kwenye shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha, na Daubney, Hudson na Garnham wakaiandikia taarifa yao mwaka 1931. Ni virusi vya mbu na mifugo, lakini mtu huvipata pia kwa damu na kwa majimaji ya mnyama aliyeharibu mimba. Ng'ombe akizaa vibaya usiku wa mvua, mwenye boma hukunja mikono ya sweta, huingiza mkono mtupu hadi kiwikoni, humvuta ndama mfu, hunawa kwa maji ya mtungi na kurudi kulala. Akipata homa wiki inayofuata, ataambiwa ni malaria au taifodi.

Garissa ilitufundisha mwaka 1997 na 1998. Baada ya mafuriko, wapimaji walitafuta kingamwili katika damu ya wakazi na kukadiria kwamba watu 27,500 walikuwa wameambukizwa katika wilaya hiyo moja. Bila damu ile, mlipuko ungeandikwa kwa idadi ya maiti pekee. Mwaka 2006 ugonjwa ulirudi, na hadi Machi 2007 Shirika la Afya Duniani liliandika wagonjwa 684 na vifo 155 nchini Kenya. Somo lilikuwapo mezani miaka minane kabla.

Kwa nini basi upimaji huu haufanywi kama kazi ya kawaida ya serikali? Jibu la kila mara ni fedha. Utafiti wa KENPHIA wa 2018, ulioingia majumbani kupima damu na kupata VVU katika asilimia 4.9 ya watu wa miaka 15 hadi 64, ulilipiwa na Marekani. Januari 2025 Washington ilisimamisha misaada, na tukaona jinsi nchi inavyoyumba ikiwa hata macho yake ni ya kuazima. Viongozi wa Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Aliyeahidi hajaachiliwa na ahadi kwa sababu mfadhili amekuja akaondoka.

Damu ya kuanzia ipo tayari. Nakuru ina kituo cha kuongeza damu cha kanda. Mama wajawazito hutolewa damu kliniki kila wiki. Kwenye vichinjio, damu ya ng'ombe humwagika mfereji mzima bila mtu kukinga kichupa. Kinachokosekana ni fungu la fedha, friji isiyozimika umeme ukikatika, na afisa ambaye jina lake liko chini ya kazi hiyo.

Watafiti nao wana deni. Damu ikishatoka kijijini, mara nyingi majibu huishia kwenye jarida la Ulaya. Ibara ya 35 ya Katiba inaiagiza Serikali kuchapisha habari muhimu zinazohusu taifa. Kwa maoni yetu, asilimia ya walioambukizwa Olenguruone ni habari muhimu, na isomwe barazani kwa Kiswahili na Kikalenjin, pamoja na makosa ya kipimo. Wananchi wanaonong'ona kwamba damu inauzwa hawatanyamazishwa kwa kukaripiwa. Watanyamaza wakiletewa majibu.

Nasi wakazi tusijifiche. Anayekataa kutoa sindano moja ya damu leo asije kesho kulalamika kwamba kijiji chake kimesahauliwa.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti, Nakuru, kufikia Aprili 30. Tutayasoma ukurasa kwa ukurasa, tukitafuta fungu la upimaji wa kingamwili kwa jina lake, na tutachapisha tulichokikuta.