Kinu Kisikimbie Kupita Kiasi Chake

Ukisafiri kutoka Migori hadi Homa Bay, utasikia vinu vya mahindi vikinguruma karibu katika kila soko. Kwa miaka mingi vinu hivyo viliendeshwa na injini za dizeli za mwendo wa polepole. Umeme ulipofika vijijini, baadhi ya wenye vinu waliziondoa injini hizo na kuweka mota. Badiliko hilo ni jema, ila lina hatari yake, na kinga ya hatari hiyo ni hesabu ndogo.

Tazama kwanza bamba la mashine. Injini ya zamani ya Lister yaweza kuandikwa 650, yaani mizunguko 650 kwa dakika. Bamba la mota huwa na namba mbili: 50 Hz, na pengine 1,450. Ile 50 si mizunguko ya mota. Ni mapigo ya umeme kwa kila sekunde. Izidishe kwa 60, upate 3,000 kwa dakika. Mota yenye jozi mbili za ncha za sumaku huigawa kwa mbili, ikawa 1,500. Ikitwishwa kazi hupungua kidogo, na hapo ndipo itokapo 1,450.

Sasa tuje kwenye puli, yaani magurudumu ya mkanda. Zidisha mizunguko ya injini kwa kipenyo cha puli yake, kisha ugawe kwa kipenyo cha puli ya kinu. Tuseme injini ya mizunguko 650 ina puli ya inchi 20, na kinu kina puli ya inchi 5. Kinu kitazunguka mara 2,600 kwa dakika. Ukiiondoa injini na kuweka mota ya 1,450, lakini ukaihamishia puli ile ile ya inchi 20, hesabu itakuwa 5,800!

Mwendo umezidi mara mbili na zaidi kidogo, lakini nguvu inayozivuta nyundo za kinu kwenda nje imezidi karibu mara tano. Ama mota italemewa na kuungua, ama nyundo itang'oka na kutoboa bati, na hapo mbele amesimama mtoto aliyetumwa na gorogoro mbili za mahindi.

Dawa yake ni rahisi. Zidisha 2,600 kwa 5, ugawe kwa 1,450: mota yahitaji puli ya inchi 9 tu. Kabla ya kuwasha, soma kwenye bamba la kinu mwendo usiopasa kupitwa, pima puli zote mbili, na ufunike mkanda kwa kinga ya chuma.

Kalamu na karatasi ni bei nafuu kuliko mota mpya, na uhai wa mtu hauna bei. Mwenda pole hajikwai.