Sauti th na dh: Tumsahihishe Mtoto kwa Njia Gani?

Wakati wa mazoezi ya kufundisha ya wanachuo wetu, tulipata kuketi nyuma ya Darasa la Nne katika shule moja ya msingi ya bara. Kipindi kilikuwa cha Kiswahili, na kazi ilikuwa kusoma kwa sauti. Mtoto mmoja alisimama akasoma: "Bei ya zahabu imepanda zaidi." Mwanachuo alimkatiza, akamwamuru arudie neno "dhahabu". Mtoto alirudia mara tano, na kila mara wenzake walimcheka. Mara ya sita alilitamka sawasawa, kisha akaendelea: "imepanda dhaidi." Darasa zima liliangua kicheko. Mtoto aliketi, na hadi kengele ilipolia hakunyosha mkono tena. Nasi, tuliokuwa na fomu ya tathmini mkononi, tuliandika: "Anasahihisha makosa ya wanafunzi papo hapo. Vizuri."

Neno hilo "vizuri" limetusumbua tangu siku ile, na ndilo lililotusukuma kuandika makala haya. Tunashikilia kwamba mtoto asemaye "zahabu" si mvivu wala si mpungufu wa akili. Amekutana na sauti iliyo adimu miongoni mwa lugha za dunia, na ambayo yamkini haimo katika lugha aliyonyonya kwa mama yake. Sauti ya namna hiyo hufundishwa. Haipatikani kwa kuamriwa wala kwa kuchekwa.

Kwanza tuitazame sauti yenyewe. Tutamkapo th ya "thamani", ncha ya ulimi huwekwa katikati ya meno ya juu na ya chini, au huyagusa kidogo meno ya juu, na pumzi hupita kwa kukwaruza. Tukiliacha koo litetemeke wakati huohuo, tunapata dh ya "dhamana". Katika s na z ulimi hurudi nyuma ya meno, karibu na ufizi, na pumzi hupigwa mluzi. Tofauti baina ya jozi hizi mbili ni mwendo mdogo mno wa ncha ya ulimi. Hata hivyo, mwendo huo mdogo haukupendwa na lugha nyingi. Katika lugha 567 ambazo mwanaisimu Ian Maddieson alizilinganisha kwa ajili ya Atlasi ya Miundo ya Lugha za Dunia, iliyotolewa mwaka 2005, zenye sauti za jamii ya th na dh hazikufika 50. Kiingereza kinazo, na Kigiriki, na Kialbania ambacho huziandika kwa herufi zilezile tuzitumiazo sisi, th na dh. Lakini Kifaransa, Kijerumani, Kirusi, Kijapani na Kichina cha Beijing havinazo. Hata watoto wa Kiingereza, waliozaliwa ndani ya lugha yenye sauti hizo, huzimudu mwishoni, baada ya karibu konsonanti nyingine zote.

Tena, penye sauti hizo hazikosi kupotea. Wahispania wengi wa Hispania wanayo th, lakini wasemaji wa Kihispania wa Amerika ya Kusini huweka s mahali pake, na hakuna awahesabuye kuwa wajinga wa lugha yao. Kiarabu fasihi, ambacho ndicho chimbuko la karibu maneno yetu yote yenye th na dh, kinazihifadhi. Lakini katika mazungumzo ya kila siku mjini Cairo, th hugeuka kuwa t au s, na dh kuwa d au z. Basi Mwarabu wa Cairo na mtoto wetu wa Darasa la Nne wako katika safari moja.

Na Kiswahili chenyewe je? Hapa ndipo mwalimu anapopaswa kunyenyekea. Kiarabu kina sauti tatu tofauti katika maneno ambayo sisi tunayaandika "dhahabu", "dhaifu" na "adhuhuri". Kila moja ina herufi yake na matamshi yake. Mababu wa lugha hii walipoyapokea maneno hayo walizikusanya sauti zote tatu katika dh moja, kwa sababu masikio yao na ndimi zao ziliona hiyo kuwa inatosha. Maneno hayo yalipoendelea na safari kuelekea bara yalibadilika tena: Mnyarwanda husema "zahabu" na Mganda husema "zaabu". Kwa hiyo mtoto aliyechekwa darasani hakubuni kosa jipya. Alifanya kile ambacho Waswahili wa kale walikifanya, na ambacho majirani zetu wamekifanya wakakiandika katika kamusi zao.

Msomaji asitufahamu vibaya. Hatusemi kwamba kila mtu aseme apendavyo. Kiswahili Sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya Unguja, ambayo huzitenga sauti hizi, na upo uhitaji wa kweli wa kuzitenga. Mwenye duka la samani na mwenye mali ya thamani si lazima wawe mtu mmoja. Na sisi walimu tuna jozi yetu wenyewe: anayekwenda darasani kufundisha dhana hana budi kubeba zana, lakini ole wake akichanganya moja na nyingine. Isitoshe, mtoto asiyezitofautisha sauti hizi huenda akapoteza alama katika imla na insha, na lawama itamwangukia yeye, si mwalimu aliyekaa kimya. Kuacha kusahihisha ni kumdhulumu. Swali letu ni la njia tu.

Njia ya kuaibisha ina dosari ambayo sote tunaweza kuisikia. Humfundisha mtoto kuiogopa z, pasipo kumfundisha lini aiache. Ndipo "zaidi" ikageuka "dhaidi". Twaisikia hofu hiyo hata kwa watu wazima wenye elimu, wanaosimama mbele ya hadhara na kusema "dhamani" wakikusudia "zamani". Nasi tunakiri kwamba tulipoingia chuoni tulikuwa tukisema "zambi" na "selasini", na kwamba kwa muda mrefu tulichagua maneno mengine ili tusiyatamke hayo. Mtu aepukaye maneno huwa na lugha pungufu, hata kama halaumiwi kwa kosa lolote.

Tunapendekeza hatua nne, ambazo hazihitaji fedha.

Kwanza, sikio litangulie ulimi. Mwalimu atamke "samani, thamani, zana, dhana" bila mpangilio maalumu, na watoto wanyoshe mkono wa kulia wasikiapo s au z, wa kushoto wasikiapo th au dh. Asiyesikia tofauti hawezi kuitamka, hata arudie mara mia.

Pili, mdomo uonekane. Kioo kidogo, au mwenzi aliyeketi mkabala, humwonyesha mtoto ncha ya ulimi wake mwenyewe. Kidole kikiwekwa kooni huonyesha mtetemo wa dh usiokuwamo katika th. Darasa lote lifanye pamoja, ili asiwepo wa kuchekwa. Mwalimu asisahau kuuliza lugha za nyumbani. Mtoto Mkikuyu, kwa mfano, tayari anayo dh kinywani, ila katika lugha yake huandikwa th. Kwake kazi ni ya macho zaidi kuliko ya ulimi.

Tatu, tahajia ifundishwe kwa koo za maneno. Maneno yenye th na dh si mengi, na takriban yote yana asili ya Kiarabu. Hayamo katika viambishi vya ngeli, wala katika viwakilishi, wala katika vitenzi vyetu vya asili ya Kibantu. Mtoto akijua "thamani" atajua "thamini" na "uthamini". Akijua "dhuluma" atajua "dhulumu" na "dhalimu". Orodha ndogo ya koo kama hizo ukutani itamsaidia kuliko fimbo.

Nne, mtoto asikatizwe katikati ya sentensi. Akieleza jambo, mwalimu alipokee jambo hilo kwanza, kisha alirudishe neno kwa matamshi sahihi ndani ya jibu lake mwenyewe: "Naam, bei ya dhahabu imepanda. Kwa nini?" Mtoto amesikia sauti, na mazungumzo hayakufa.

Labda mwenzetu mmoja atasema kwamba darasa la watoto wengi halina nafasi ya mambo haya. Mara sita za kurudia neno moja, pamoja na kicheko chake, zilikula dakika nyingi kuliko zoezi la kunyosha mikono, na mavuno yake yalikuwa "dhaidi".

Ndugu wakufunzi, mabadiliko haya hayana budi kuanzia kwetu, kwa kuwa mwanachuo hufundisha kile anachojua kwamba kitapewa alama. Tukimsifu kwa wepesi wa kukamata makosa, atakuwa mkamataji hodari. Tangu mwaka huo tumezoea kuongeza swali moja kwa mkono wetu chini ya fomu ya tathmini: mtoto aliyesahihishwa, je, alinyosha mkono tena kabla ya kipindi kwisha? Jibu likiwa "la", hatuandiki "vizuri".