Faida ya Mmoja, Sumu ya Mtaa

Betri ya gari ikifa, risasi iliyomo bado ni mali. Hutolewa, ikayeyushwa, ikauzwa upya. Biashara hiyo ndiyo iliyokileta kiwanda cha Metal Refinery katika mtaa wa mabanda wa Owino Uhuru, Mikindani, Mombasa, ukuta kwa ukuta na makazi ya watu wapatao 3,000. Moshi ulitua juu ya mabati, maji machafu yakapita vichochoroni wanakocheza watoto.

Mwaka 2009 Phyllis Omido aliajiriwa kiwandani humo kushughulikia uhusiano na jamii. Wataalamu waliopima athari za mazingira walionya kuwa risasi ingewadhuru majirani, naye akashauri kiwanda kihamishwe. Hakusikilizwa. Kisha mwanawe mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha risasi mwilini. Omido aliacha kazi, akaongoza maandamano. Mwaka 2012 alikamatwa na kushtakiwa kwa uchochezi, hatimaye mahakama ikamwachilia huru. Polisi walimfikia mlalamikaji upesi kuliko wakaguzi walivyomfikia mchafuzi! Kiwanda kilifungwa mwaka 2014.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Huishambulia akili ya mtoto inayokua, akafika shuleni somo lisimkae, na dawa ya kumrudishia alichopoteza haipo. Kampuni inayokwepa kununua vichujio vya moshi na kusafisha majitaka huandika akiba vitabuni mwake. Gharama yenyewe haikupotea popote: imehamia kwa mama aliye kwenye foleni ya zahanati.

Wala kiwanda cha Owino Uhuru hakikujificha porini: zilikuwapo taasisi za serikali zenye wajibu wa kukisimamia. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikazibebesha lawama kampuni pamoja na wizara husika, mamlaka ya mazingira NEMA na ile ya maeneo ya viwanda vya mauzo ya nje, EPZA. Mahakama ya Rufaa ikaifuta fidia hiyo mwaka 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Ushindi, ndiyo, ila una uchungu wake. Sehemu kubwa ya fidia imeangukia taasisi za umma, na fedha za umma ni kodi. Mchuuzi wa Mikindani anayetozwa VAT kwenye kipande cha sabuni anachangia kulipia sumu aliyoivuta mwenyewe, ilhali faida ya risasi iliyouzwa haikuwahi kupita mfukoni mwake.

Sheria ya mazingira ya Kenya ya 1999 tayari inaruhusu kuzitoza dhamana shughuli zinazoweza kuleta uharibifu mkubwa. NEMA iidai dhamana hiyo kabla tanuri halijawashwa, iwe ya kutosha kutibu watu na kusafisha udongo, na asiyeimudu anyimwe leseni.