Kolesteroli haiumi, kwa hiyo tuandike



Juma hili mama mmoja wa kikundi chetu ametufundisha jambo. Alipimwa damu, akaambiwa kolesteroli imepanda, akapewa vidonge vya kila jioni. Alimeza miezi miwili, kisha akaacha. Tulipomuuliza alijibu: «Siumwi popote, na pesa ya vidonge ni pesa ya masomo ya mtoto.» Hatukumlaumu. Nani kati yetu hajawahi kufanya hivyo?

Lakini kolesteroli haiumi. Ni mafuta yanayojikusanya polepole ndani ya mishipa ya damu. Siku yanapoiziba, ni shambulio la moyo, au upande mmoja wa mwili unapooza.

Laboratwari peke yake ndiyo inayoihesabu. Nyumbani tunafuata mengine, na tunayaandika ndani ya kaye:

Kidonge: alama moja kila jioni, baada ya kumeza.

Tansio: mara moja kwa juma, kwa mashini ya kikundi, baada ya kuketi kimya dakika tano.

Mafuta: mawese yana faida, yanasaidia macho ya watoto. Lakini karibu nusu yake ni mafuta yanayopandisha kolesteroli. Basi sombe ya mgonjwa tuipimie kwa kijiko, tusimimine kutoka chupani. Maharagi na matunda tuongeze.

Kutembea: dakika 30, siku tano kwa juma. Anayetoka shambani amekwisha kutembea. Anayeketi dukani bado.

Na daktari akiwa mbali? Njia ya Bunia haipitiki kila siku, mara matope, mara usalama. Wazee wetu wanakumbuka foni ya misioni. Sisi leo tuna simu. Kila Ijumaa mama mmoja anawapigia wenzake walio na dawa: Umemeza? Tansio ni ngapi? Unasikia nini mwilini? Karatasi ya laboratwari tunaipiga picha na kuituma kwa muuguzi. Unite za simu zinatoka katika sanduku la kikundi.

Misuli ikiuma sana au mkojo ukiwa mweusi, usingoje Ijumaa, piga simu siku ile ile. Ukiwa na mimba, au ukiitafuta, au ukinyonyesha, mwambie daktari, kwa maana dawa hizi mara nyingi husimamishwa. Kifua kikibana, mdomo ukipinda au maneno yakikwama, hapo si simu tena: ni hospitali mara moja.

Yule mama alizungumza na daktari kwa simu, akaanza tena. Vidonge vya mwezi huu vimetoka katika likelemba, na zamu yake ya masomo ya mtoto haikuguswa. Damu atapimwa tena mwezi ujao, kwa hiyo matokeo hatuna. Lakini jana tulifungua kaye yake: alama 41, hakuna jioni iliyokosa.

Nani katika kikundi chenu atapiga simu Ijumaa hii? Mchagueni kabla ya kuachana.